Je, Roketi Itaonekana Leo?

Kazi yangu nikiieleza mtaani, watu hucheka. Kabla roketi haijarushwa huko ng'ambo, natumiwa hali ya hewa ya huko, nami natabiri kama darubini zitakazoifuata angani zitaleta picha safi au ukungu. Hewa ya moto huitetemesha picha, kama mtu anavyoona juu ya lami mchana. Upepo nao huitikisa darubini. Haya yote nayafanya chumbani kwetu, mtaa wa Asiatique, umeme ukipenda.

Baba, fundi magari aliyestaafu, hakukosa roketi hata moja. Alivuta kiti karibu na kompyuta yangu, tulipozitazama moja kwa moja, na kuuliza, "Leo itaonekana muzuri?" Nikisema ndiyo, alitulia. Nikisema hapana, alininunia kana kwamba mimi ndiye niliyewasha jua.

Alasiri moja nilimwahidi picha safi kuliko zote. Kule kulikuwa na baridi na upepo ulikuwa umelala. Mama alituletea chai, akasimama nyuma yetu kutazama. Roketi ikapanda.

"Umekosa, mutoto wangu," baba akasema. "Mi naona moshi tu."

Akakifuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kanzu. Akakifuta tena.

Mama, ambaye roketi hazimhusu hata kidogo, akauliza, "Na vile vipande vyeupe vinaanguka kwa ubavu yake, ni nini?"

Ilikuwa barafu inayobanduka kwenye matangi baridi ya roketi, na kila kipande kilionekana. Baba aliacha kufuta. Kweli mganga hajigangi: nilikuwa nawapimia wageni ukungu wao, na huku mtoto wa jicho anayafunika macho ya baba yangu hapo hapo ubavuni pangu. Nilimwonea huruma. Ningeweza kusema hesabu yangu imekosea. Angefurahi sana, kisha angepofuka.

"Apana, baba," nikasema. "Picha ni safi."

Aliisukuma kando chai yake. Nilijua anachowaza: rafiki yake mmoja alipasuliwa jicho na hakuona tena.

"Basi unitabirie na mi," akasema. "Wakinipasua, nitaona?"

"Sijui, baba. Lakini twende."

Akakubali, kwa kununa. Alipasuliwa jicho la kulia, na bandeji ilipotolewa alipepesa tu na kutazama chini. Mama na mimi tuliogopa kumuuliza.

Siku chache baadaye roketi nyingine ikarushwa. Nilimwonya mapema kwamba kule kuna joto kali na picha itakuwa mbaya. Akavuta kiti chake vilevile. Roketi ikapanda ikicheza-cheza, kingo zake zikiyumba kama moto wa mshumaa.

Baba akainama mbele, kisha akaruka kitini.

"Mama, kuja uone!" akaita kuelekea jikoni. "Inatetemeka! Picha ni mubaya kabisa, na si macho yangu!"