Mnara wa Manyoni Haukunyamaza

Bosi wangu alinituma Manyoni kuua redio, ila yeye hakuiita hivyo. Alisema, "Kapandishe antena ya intaneti kwenye mnara wa redio ya AM, shusha waya mpaka chini, urudi." Nikamkumbusha kwamba mnara wa AM mzima ndio antena yenyewe. Umesimamishwa juu ya kauri nene ili umeme wake usiguse ardhi. Waya ukishuka moja kwa moja, sauti yote inaishia udongoni.

"Najua," akajibu. "Siku hizi nani anasikiliza AM?"

Nilikasirika. Nikapakia vifaa kwenye pikapu, nikaondoka.

Asubuhi, barabara ya Ikungi. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa, na upepo wa kwetu Singida uliyumbisha gari. Nikafungua redio hiyohiyo niliyotumwa kuizika. Mwanamke alikuwa akitangaza ng'ombe waliopotea: rangi, pembe, alama ya sikio. Nilipopita Issuna alikuwa bado anawataja, taratibu, bila haraka yoyote.

Manyoni, mchana. Mtangazaji mwenyewe, Mama Neema, ndiye aliyenifungulia geti la kituo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyekuja kutuzima?"

"Nimekuja kufunga antena. Kuzima sizimi."

"Haya. Wafugaji wangu huko porini simu hazishiki, wana redio tu. Ukininyamazisha, nani atawaambia?"

Akazima mtambo, nikapanda. Juu hapakuwa na shida. Kazi ilikuwa chini: niliuzungusha waya kwenye pipa la plastiki, mizunguko mingi, ili intaneti ipite na umeme wa redio ukwame humo. Tukawasha. Sauti ikatoka dhaifu, imejaa mikwaruzo. Bosi akapiga simu, nikamweleza.

"Achana nayo, rudi."

"Sirudi," nikamwambia, nikakata.

Kesho yake niliongeza mizunguko, nikapunguza, nikaongeza tena. Mama Neema akaniletea ugali wa uwele na mlenda. "Kula kwanza," akasema. "Ubishi unataka nguvu."

Baada ya chakula akawasha mtambo, akasema hewani: "Aliye mbali na ananisikia, anijulishe." Tukakaa tukiitazama simu. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba bosi alikuwa sahihi. Ndipo ikaita.

"Mama, niko ng'ambo ya Itigi, nimepanda kichuguu ndiyo simu ishike. Unasikika vizuri! Jana ulinyamaza, tukadhani umetutoka."

"Sijafa, baba," Mama Neema akajibu, na machozi yakamtoka huku anacheka.

Jioni nilikuwa Singida mjini. Bosi akauliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilichojifunza, uso kwa uso: anayesema hakuna anayesikiliza, huyo hajawahi kuuliza. Antena yake inafanya kazi. Redio inasema. Akipata mnara mwingine wa kuua, atafute fundi mwingine.