Neno Moja Nililoweza Kusoma kwenye Redio

Masikio yangu yaliliwa na bati. Nimegonga masanduku ya shule pale Laini Saba tangu nikiwa kijana, na hayo masanduku ndiyo yaliyoninunulia gari. Hakuna aliyenisaidia. Shule niliachia darasa la tatu, na sioni aibu kusema.

Mke wangu alipofariki, alikuwa ameniachia sauti zake kwenye simu yangu. Sikuweza kuzisikia. Spika ya simu kwangu ni nzi ndani ya mkebe. Za gari ndizo zinanitosha. Lakini simu na gari zilikataa kushikana. Nilizima, nikawasha, nikabonyeza bluetooth mpaka kidole kikauma. Wapi!

Jumapili moja nikatoka kanisani moja kwa moja hadi Kawangware 46, kwa binti yangu. Akaingia garini, akacheka.

"Baba, hii redio bado ni ya Kijapani?"

"Tengeneza kwanza. Mdomo baadaye."

Akabonyezabonyeza. Kioo cha redio kikajaa maandishi ya Japani. Hapo mimi na waliosoma tuko sawa. Katikati kulikuwa na neno moja tu la kwetu: MAMA. Hilo nililisoma.

Binti yangu hakucheka tena.

"Baba, hii redio inashika simu moja tu. Inangojea ya mama. Lazima tuifute ndiyo yako iingie."

Simu yenyewe ya mke wangu haikuwa kwetu tena. Baada ya mazishi vitu vyake viligawanywa, kama tunavyofanya: leso kwa wifi zake, sufuria kwa jirani wa Mashimoni, simu kwa dada yake kule Busia. Nilivitoa vyote bila chozi, watu wakiniangalia. Neno hili halikugawanywa kwa sababu hakuna aliyejua liko. Lilikuwa langu.

"Hakuna njia ingine?"

"Ununue redio ingine. Lakini hii ikitoka, inatoka na hilo jina la mama."

"Basi bonyeza."

"Mimi siwezi, Baba. Bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Neno likapotea, kioo kikabaki Kijapani kitupu.

Kisha akaishikanisha simu yangu na redio, akafungua sauti moja, na gari lote likajaa mke wangu: "Mzee, umekula? Usinidanganye! Na ulete mafuta ya taa, usijifanye hukusikia."

Binti yangu alikuwa amefunika uso.

"Nimesikia," nikajibu, kwa ile sauti kubwa niliyozoea kumjibu nayo, na muuza mboga kando ya barabara akageuka kutuangalia.