Taa ya Gari Niliyomsingizia Binti Yangu

Assalaam alaykum wana ukurasa. Msimamizi, nakuomba unifichie jina, maana kisiwa chetu kidogo na watu wake wana macho. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, naishi Mtoni. Watoto wangu watatu nimewalea kwa kupika vileja na visheti vya harusi, na vileja vyangu huagizwa mpaka Makunduchi, mkitaka kujua. Skuli niliishia darasa la saba, nikikosea kuandika mnistahamilie.

Kitinda mimba wangu ni msichana wa miaka ishirini na nne, fundi umeme wa magari. Ndiyo, msichana. Anavaa ovaroli na mtandio wake, anaingia chini ya gari anatoka na tatizo mkononi. Nilikuwa siwezi kukaa na mtu dakika tano bila ya kumtaja. Walimu wa kike wa hapa karibu wote walikuwa wanampelekea yeye magari yao, kwa sababu anawaeleza bila ya kuwadharau, na kwa sababu miye mama yake nilimnadi kila shughuli.

Gari langu ni la zamani lakini jeupe, linang'ara. Jirani yangu, nimwite Bi Zuhura, alipomuoza binti yake akaniomba nimpeleke bi harusi Mbweni. Nilivimba kichwa. Nikavalisha viti vitambaa vipya vya maua, nikamwambia mwanangu alikague gari. Akabadilisha betri, akasafisha, akaniambia, "Liko sawa mama, hakuna taa hata moja inayobaki kuwaka."

Siku ya harusi nikaona gari linanuka grisi. Bi harusi hapandi kwenye grisi. Nikafanya vile tunavyofukiza nguo: nikapandisha vioo, nikatia makaa na udi kwenye chetezo, nikakisukuma chini ya kiti cha mbele moshi uenee, nikenda kuoga. Niliporudi gari linanukia kama chumba cha harusi. Nikatoa chetezo changu, sikulifikiria tena.

Njiani Bi Zuhura, aliyekaa mbele, akauliza, "Hii taa nyekundu ya mtu na duara kifuani ni ya nini?"

Nikamjibu, "Jana kalichezea mwanangu, labda kasahau kitu."

Mmoja wa wanawake waliokaa nyuma akasema, "Ndiyo ufundi wa kupaka wanja huo." Wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Harusi ilipokwisha, mwanangu akalipima gari kwa mashine yake. "Mama, hii ni taa ya ule mfuko wa hewa wa kukukinga ajalini. Ikiwaka hivi, tukipata ajali mfuko huenda usifunguke, usiichukulie pambo. Inasema waya wa chini ya kiti cha mbele. Nifungue kiti niangalie."

"Usinivulie kiti, vitambaa nshavipiga pini."

Basi akaingiza mkono kwa chini, akasafisha pale alipofika, akaifuta taa kwa mashine. Baada ya siku mbili ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi tena. Akaniuliza kwa upole, "Mama, hakuna kitu kilichomwagika hapa chini?"

"Kimwagike nini? Usinitafutie sababu."

Wiki ile nikakaa na wanawake wenzangu kwa Bi Zuhura, wakaniuliza habari za gari. Nikasema, na nnaona haya kuliandika, "Gari lilikuwa zima mpaka alipolitia mkono yeye." Sikujua kama mwanangu yuko mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, akawaambia karibuni chai, akaondoka. Tangu siku ile walimu hawajampigia simu.

Nikalipeleka gari kwa fundi mtu mzima, Mwanakwerekwe. Huyo sikumkataza kitu, akafungua kiti. Akaniita, "Hebu njoo uone, bi mkubwa." Zulia limeungua duara, ukubwa wa kisahani. Nyaya za juu yake zimeyayuka maganda, shaba zinagusana gari likitikisika. Na pembeni majivu na kipande cha udi kimegandia. Akanusa vidole vyake. "Hapa pamefukizwa. Fundi wa mwanzo hana kosa, angefungua kiti tu angeliona hili."

Nikamwambia, "Tengeneza, na usimwambie mtu."

Akaunganisha nyaya mpya, taa ikazimika, mpaka leo haijarudi. Mngedhani hapo ningemaliza. Nilipofika mtaani wakaniuliza, nikajibu, "Nimepata fundi mwanamme, kamaliza kwa saa moja tu." Sijui mdomo huu niliazima wapi.

Juzi mwanangu kaniuliza, "Mama, yule fundi alikuta nini? Nataka kujua tu nilipokosea."

Nikasema, "Sijui, mambo yenu ya kifundi."

Akaitikia kwa kichwa. Jana asubuhi kaniambia keshaaga gereji, anakwenda kukaa kwa shangazi yake Chukwani amsaidie duka la vitenge. Akanipa ovaroli lake nilikate matambara ya jikoni. Nimelifua, nimelificha kabatini chini ya kanga zangu, na kila nikifungua kabati nnalia.

Nnajua kosa langu, msinifundishe hilo. Kumwambia yeye peke yake chumbani naweza, nitalia na yeye atanisamehe, nnamjua. Lakini jina lake sikulivunja chumbani. Ijumaa kuna khitma kwa Bi Zuhura, wote waliocheka watakuwepo, na walimu wawili pia. Nikisimama pale nikasema ni chetezo changu, na kwamba nilikuwa nnajua nikaendelea kumsema mwanangu, watanicheka mpaka nife. Nikinyamaza, Jumamosi anahama na anaondoka akiamini hajui kazi.

Nimeomba moyo, haujaja. Nyinyi mlio na watoto, niambieni: nikishasimama mbele yao Ijumaa, neno la kwanza niseme lipi?