Mashine Niliyoiponda Mbele ya Shemeji Yangu

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyalainishe. Nina miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto, naishi Segerea. Wengi humu mmeshauonja ukali wangu kwenye maoni. Mtu akileta kisa cha udhaifu wake, mimi ndiye wa kwanza kumwita mwoga na mnafiki. Nimesoma vya kutosha kujua pa kumchoma mtu. Leo nichomeni mimi.

Hotuba yangu miaka yote ni moja: nchi isiyojichongea vyuma vyake itanunua kila kitu hadi bawaba ya mlango. Nyuma ya nyumba nina karakana ndogo, yenye mashine ya kuchomelea na ya kutoboa. Siku zote niliitamani mashine ya kukereza vyuma, hata ya mtumba, ila sikuwahi kumwambia mtu.

Mdogo wake mke wangu naye aliitaka, tena yeye kwa ajili ya kula. Anatengeneza pampu za visima huko Temeke, na kila shafti, kile chuma kinachozungusha pampu, ikiharibika lazima aipeleke kwa wenye mashine, apange foleni, mteja achoke aondoke. Akadunduliza. Akasikia kuna mzee Pugu anarudi mkoani na anauza yake. Akaja kunichukua.

"Shemeji, twende wote," akasema. "Mie nikiipenda inaonekana usoni. Wewe kazi yako kuponda tu."

Mbinu hiyo mnaijua. Mmoja anataka, mwenzake anaponda, muuzaji analegea.

Tuliikuta imebanduka rangi, imejaa grisi na vumbi. Shemeji aliigusa taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Mimi nikaanza. Nikamuuliza mzee kama aliinunua au aliifukua. Nikamwambia wanunuzi wa vyuma chakavu ndio wateja wake. Shemeji akageuka pembeni kuficha kicheko.

"Bwana mkubwa," mzee akasema, "mashine haina masikio. Mie ninayo."

Huku natukana, mkono wangu ulikuwa unakagua. Nilipitisha ukucha kwenye zile reli ambazo kisu hutembea juu yake, karibu na kichwa kinachoshika chuma, maana mashine kuukuu huanza kuliwa hapo. Hapakuwa na kijibonde. Nikakitikisa kichwa chenyewe, hakikucheza. Gia zilikuwa na meno yote. Nikajua pale pale kwamba chini ya uchafu ule kuna mashine safi kuliko zote nilizowahi kuziona.

Na mdomo ukaendelea. Ila sasa sikuwa nasema na mzee. Nilimgeukia shemeji: "Reli zimeliwa. Shafti zako zitatoka nene huku, nyembamba kule, kama karoti."

Akaacha kucheka. Tulipokuwa njiani akaniuliza, "Shemeji, pale ulikuwa unaponda, au kweli?"

Hebu fikirini. Alinifungulia mlango kabisa, nilitakiwa kupita tu. Nikamjibu, "Kweli."

Wiki iliyofuata akanitumia picha ya mashine nyingine, ya Tegeta, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa. Rangi mpya juu ya mashine ya mtumba ni ya kuogopa kwanza, na mimi nalijua hilo. Nikamwandikia, "Chukua." Nilitaka anunue upesi ili ya Pugu inibakie mimi.

Akaichukua. Kisha mimi nikarudi Pugu peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mdomo umeuacha nyumbani?" Akacheka, akanitazama. "Umekuja kwa niaba ya yule kijana, sio? Nilimwona alivyoishika. Kwa mtu kama yule sikazi bei. Chukua na hizi gia za akiba, mwambie asizipoteze."

Alizifunga kwenye kipande cha kanga, akanikabidhi. Mimi, bingwa wa kubisha, sikubisha. Nikalipa, nikasema asante.

Nimeifunika turubai karakanani, sijawahi hata kuiwasha. Shemeji shafti zake zinatoka karoti kwelikweli. Wateja wanamrudishia pampu. Amekuja kwangu kuomba nimsindikize Tegeta akagombane na muuzaji, eti mimi ndiye mwenye mdomo. Hanilaumu. Anajilaumu yeye. Alinywa chai akasema, "Shemeji, mie nina haraka sana ya maisha." Turubai lilikuwa nyuma ya ukuta aliouegemea.

Juzi mke wangu aliingia karakanani kutafuta ndoo, akaifunua mashine. Nilijua nimekwisha. Akatoka analia, akanikumbatia.

"Mume wangu, kumbe umemnunulia mdogo wangu! Na ulivyojikausha! Watu wanakuona mkali tu, hawakujui."

Mdomo huu mnaoujua ukamuuliza kama ameipata ndoo. Amemwalika mdogo wake Jumapili baada ya ibada, hajamwambia kwa nini. Ameshaagiza kuku.

Mashine nitampa, hilo halina mjadala, na sitaki mnipongeze. Kinachoninyima usingizi ni kwamba uongo huu sikuutunga mimi. Mzee aliuanza, mke wangu akaumalizia, wote kwa kunidhania mema. Nikinyamaza tu, Jumapili nitaitwa shemeji wa mfano, na hakuna atakayejua milele. Nikisema, mke wangu atajua aliyemkumbatia ni nani, na shemeji atajua kuwa akiba yake niliizamisha mimi, kwa neno moja, "Kweli," nikiwa namtazama usoni.

Najua mtu angeleta kisa hiki humu ningemwandikia nini. Ningemwandikia, "Sema, mnafiki wewe, usitafute kura za wasiokujua." Nimeiandika sentensi hiyo kwa wengine mara nyingi bila kujua ina uzito gani.

Jumapili shemeji atalivuta turubai akicheka, atanigeukia, atasema, "Shemeji, asante." Niipokee asante hiyo ili nyumba ibaki na amani, au nimkatize kabla hajaimaliza? Na kama ni kumkatiza, ndugu zangu, nitangulize neno gani?