Kompyuta Isiyorudisha Jibu

Mjukuu wangu ana duka la kompyuta pale Mukuyuni. Alipewa jina la dada yangu mdogo, kwa hivyo mimi humwita dada, naye huniita Susu, yaani nyanya, na watu wa soko hutucheka. Shule sikusoma sana, lakini jina la mtu likiingia kwangu halitoki. Wanakwaya wote walioimba na dada yangu naweza kukutajia, vuta kiti tu.

Dada yangu alipofariki, nyimbo zake zilibaki kwa simu yangu, kwingine hakuna. Na simu yenyewe ilianza kuzimika ovyo. Nikaipeleka dukani.

Mjukuu aliiunga na waya, akanakili picha kwanza. Zilipoisha, kijikaratasi kikatokea pembeni ya kioo kusema kazi imekwisha. Hiyo niliipenda. Kwetu ukitumwa chumvi kwa jirani, huwezi kurudi ukakaa kimya. Unasema umefika, na umeambiwa nini.

Kisha akahamisha nyimbo. Kuhamisha si kunakili, kitu kinatoka kwa simu kabisa. Mstari ukajaa, ukapotea. Kioo kimya.

"Imemaliza?"

"Nafikiri, Susu."

"Unafikiri! Dada yangu umemtoa huku, umemfikisha wapi?"

"Hii kompyuta ikinakili inasema. Ikihamisha haisemi."

"Basi ni mtoto mtundu. Anaongea akitaka."

Alicheka, mimi nikatazama simu. Nyimbo hakuna.

"Dada, tafuta."

Akafungua folda, akafunga, akafungua nyingine. Kucheka kulikuwa kumemtoka. Halafu akabonyeza, na dada yangu akakohoa pale dukani, akasema, "Ngojeni kwanza, koo," akaanza kuimba.

Sikulia. Nilishika meza tu.

Mjukuu alipanguza macho kwa kitenge changu, bila kuniomba, akanakili zile nyimbo pahali pengine pawili. Kisha akaingia kwa mipangilio ya kompyuta akiwa amekunja uso. Aliporudi kwangu alikuwa ameifundisha adabu: ikinakili, ikihamisha, ikifuta, kijikaratasi ni kile kile, pembe ni ile ile.

"Sasa hata ikishindwa itakuambia, Susu."

Mteja akaingia na kitambulisho, anataka kopi haraka. Mjukuu akanyoosha mkono azime sauti. Nikaushika huo mkono.

"Karibu, mwanangu, keti," nikamwambia mteja. "Ubeti umebaki mmoja."

Akaketi, akavua kofia.