Bamba Lililosubiri Theluji Huko Ipole

Mtu akinitajia umeme wa jua, hasira zangu za mwaka 1983 hurudi zote. Wifi yangu Eustadia hucheka, lakini yeye ndiye aliyeteseka.

Eustadia alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Ipole. Desemba ya mwaka wa nyuma yake tulikuwa tumeletewa jokofu la kuhifadhi chanjo, linaloendeshwa na jua. Bamba lake la kunasa jua lilifungwa juu ya paa, limesimama karibu wima, uso umeelekea kusini. Wageni walipiga picha, viongozi wakahutubia, barafu ikaganda mbele ya macho yetu.

Ilipofika Mei, mvua zimekwisha, mbingu haina hata wingu, jua linachoma utosi, jokofu likazima. Jua lote lile! Chanjo ya surua ikaharibika. Eustadia aliimwaga shimoni huku akina mama waliotembea tangu alfajiri wakimtazama. Mmoja wao alikuwa Josepha, aliyekuwa amezika mtoto kwa surua mwaka uliotangulia. Akakaza kanga iliyombeba mtoto wake wa pili.

"Sista, mimi hapa sirudi tena," akasema.

Siku ile Eustadia hakula chochote.

Aliandika barua kwenda mjini Tabora. Baada ya wiki tatu akaja fundi wa mkoa, Ndugu Twalibu, na Landrova. Hakupanda hata ngazi. "Vumbi hilo," akasema. "Lifuteni kila asubuhi." Basi tukafuta. Eustadia juu na kitambaa, mimi chini nimeshika ngazi, asubuhi baada ya asubuhi. Bamba likang'aa kama sahani ya sikukuu, na jokofu likabaki kabati la kawaida.

Mchana mmoja wa Juni Eustadia alikuta sare yake nyeupe bado mbichi. Nilikuwa nimeianika nyuma ya nyumba, upande wa kusini.

"Wifi, miaka tisa umeolewa hapa hujui kwamba kipupwe jua linahamia kaskazini? Nguo itakaukaje kivulini?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, nikaona anatazama paa la zahanati. Bamba letu lilikuwa limelipa jua kisogo.

Twalibu alipopita tena, Eustadia akamweleza pole pole, kwa heshima zote. Yeye akatoa kitabu cha maelekezo kilichotoka huko bamba lilikotengenezwa, nchi ya milima na baridi. "Imeandikwa hapa. Litazame kusini, na lisimame ili theluji isikae juu yake."

"Theluji?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndugu Twalibu, hapa Ipole theluji umeiona wapi?"

"Dada, nimetumwa kukagua, sikutumwa kubishana na wataalamu. Mtu asiliguse."

Nilitamani kumtupia mwiko. Eustadia alimuaga vizuri, akangoja vumbi la Landrova litulie, kisha akaenda kumwita Silasi seremala. Silasi akafungua bamba, akakata miguu ya fremu, akalilaza, limeinama kidogo tu kuelekea kaskazini. Siku ya tatu maji yaliganda jokofuni.

Chanjo mpya ilikuja kwa basi kutoka Tabora, imefungwa pamoja na barua yenye mhuri: ni marufuku mtu yeyote kubadili mkao wa bamba. Eustadia aliisoma mara mbili, akaikunja, akaisukuma chini ya mguu wa jokofu uliokuwa ukichezacheza.

Akina mama walirudi mmoja mmoja. Josepha hakuja. Eustadia akachukua kikasha cha chanjo akaenda kwake kwa miguu, nami nikamfuata. Josepha alikuwa akipepeta mtama, mtoto mgongoni, na hakutukaribisha. Eustadia hakuanza kujitetea. Alifungua kikasha, akamwekea kipande cha barafu kiganjani.

Josepha alikifumbata. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akaendelea kukifumbata, anamtazama Eustadia. Kilipokwisha kuyeyuka, alijifuta mkono kwenye kanga, akamteremsha mtoto.