Mafuta Maalum Tu

Watu wengi wa Kasulu hawakuamini kwamba gari lile lilikuwa langu. Waliamini ni la mwanaume fulani, wakawa wanatafuta tu kumjua ni nani. Nikishuka mbele ya duka langu, duka dogo la kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, muuza vocha wa jirani aliniuliza, "Bosi amekuachia leo?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa namjibu, "Bosi ni mimi," na hapo anacheka yeye.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, rangi ya fedha, la aina ambayo vijana huiita bebi woka, kwamba eti linafaa kumfundishia mtoto kutembea. Nililinunua kwa sababu moja. Kazi iliyonilisha ilikuwa kuchapa mitihani ya shule za msingi za vijijini, Makere, Nyakitonto na huko ndani zaidi, na mitihani haipelekwi kwa pikipiki wakati wa mvua. Niliwahi kuipeleka hivyo. Karatasi nilizifunga kwa nailoni, juu nikaongeza nyingine, na bado mwalimu mkuu alizipokea zimevimba kama maandazi. Akaniambia kwa upole kwamba muhula unaofuata wangemjaribu mtu mwenye usafiri wake. Nilimwelewa. Bila gari sina shule, na bila shule nabaki na duka la picha za pasipoti katika mji ambao wenye pasipoti ni wa kuhesabika.

Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu, kwa simu, kwa kukosea na kurudia. Gari nalo nililisoma hivyohivyo, video baada ya video, huku nikipunguza sauti ili wateja wasijue ninachotazama. Niseme ukweli: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nafunga mlango wa gari, naondoka, narudi kuvuta kitasa. Naondoka tena, nafika dukani, naanza kujiuliza kama nilipovuta kitasa sikukifungua. Matundu ya hewa nilikuwa nayasugua kwa mswaki. Kwenye zulia nilitandika maboksi, na aliyetaka kupanda nilimwambia kwanza agonganishe viatu udongo udondoke. Udongo wetu ni mwekundu na haupendi kutoka. Rafiki yangu mmoja aliacha kabisa kuniomba lifti. Alisema gari langu ni kama kanisa, ila kanisani angalau wanakukaribisha.

Kilichoninyima raha zaidi ni giaboksi. Kwetu huku mafuta yote ya giaboksi ya otomatiki yanaitwa haidroliki. Ni mekundu, ukiyaangalia juani utafikiri mawese yaliyochujwa. Fundi anasema "ongeza haidroliki" kama mpishi anavyosema "ongeza chumvi", na hakuna anayeuliza chumvi gani. Lakini giaboksi ya gari langu haikuwa ya meno kama nyingine. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa na magurudumu, na mafuta yake yanatakiwa yaufanye mkanda ushike. Ukiweka haidroliki, mkanda unateleza. Ukiteleza unajila, na ukishajila hakuna cha kutengeneza. Mafuta yake halisi nilikuwa naagiza Dar es Salaam, yanakuja kwa basi, nayapokea stendi nikiwa nimeyakumbatia kama mtoto mchanga.

Kwa kuwa nina mashine, nilitengeneza stika ya kubandika ndani ya boneti. Ya kwanza niliandika yote: jina refu la mafuta, herufi zake na namba zake, na chini yake SI HAIDROLIKI. Haikunipendeza. Jina lilikatika katikati ya mstari na kipande cha mwisho kikabaki kinaning'inia peke yake. Nilihangaika nalo jioni nzima, napunguza herufi, nasogeza huku na huku. Mwishowe nikafutafuta mpaka yakabaki maneno yaliyokaa katikati sawasawa: GIABOKSI: MAFUTA MAALUM TU. Nikaipitisha kwenye laminesheni. Nilifungua boneti mara kadhaa wiki ile kwa ajili ya kuitazama tu.

Ikaja kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, nyumbani Kibondo. Kaka ni dereva wa Fuso, anabeba mahindi na maharage. Tangu baba afariki yeye ndiye baba. Ndivyo mama anavyosema, ndivyo sisi wote tunavyoishi. Nilikwenda Ijumaa na gari langu, nyuma nimepakia maboksi ya mitihani ya shule moja ya Makere ambayo ningeyashusha Jumatatu asubuhi wakati wa kurudi. Nilipanga hivyo ili nisisafiri mara mbili.

Jumamosi kaka aliomba funguo aende stendi kuwachukua wakwe zake. Nilimpa. Sikumwambia kuhusu viatu, ingawa nilitamani. Walikaa sana kurudi, na gari liliporudi lilikuwa limeoshwa. Kaka alikuwa anatabasamu tu. Alikuwa amelitunza neno lake kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili baada ya kanisa watu walikula, na watu waliposhiba kaka akasimama. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama, akawashukuru wakwe. Kisha akaninyooshea mkono.

"Huyu mdogo wangu amejinunulia gari mwenyewe. Si jambo dogo kwa msichana. Na mimi kaka yake sikutaka aondoke mikono mitupu. Jana nimelifanyia sevisi ya nguvu. Nimemwaga oili, nimeweka mpya. Nimemwaga na haidroliki, nimeweka mpya."

Watu walipiga makofi. Wifi yangu, mke wa kaka, akapiga kigelegele. Mimi niliweka sahani yangu chini.

"Kaka, haidroliki gani?"

"Maalum!" alisema, akiangalia wageni. "Si uliandika mwenyewe? Nimesoma chini ya boneti. Nikamwambia muuza spea, sitaki ya kawaida, nipe haidroliki maalum. Akanitolea ya bei kubwa kuliko zote, kopo lina picha ya gari la mashindano."

Ningeweza kunyamaza. Mara nyingi huwa nanyamaza. Lakini nilikuwa naona mkanda ule wa chuma kama nauona kwa macho.

"Kaka, hili gari halitumii haidroliki."

"Halitumii haidroliki?" Alicheka kwanza, taratibu. "Linatumia nini, maziwa?"

"Uji!" akadakia shemeji yake, ndugu wa wifi. "Si bebi woka hiyo? Mpikieni uji!"

Kicheko kilijaa ua mzima. Nikajaribu kueleza habari ya mkanda. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirudia maneno, kama ninavyokuwa mbele ya watu. Kaka alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Haya umesomea chuo gani, mdogo wangu?"

"Nimeona kwenye simu."

Basi, ilikuwa imekwisha. Hata mimi niliposikia nilichojibu niliona imekwisha. "Kwenye simu," kaka aliwaambia wageni, kwa sauti ya kunionea huruma, na mzee mmoja wa upande wa wifi akasema kwamba hata mjukuu wake ametibu mbuzi kwa maelekezo ya simu, na mbuzi amekufa.

Nikasema nitaliacha gari hapo nyumbani mpaka niagize mafuta yake, kesho nitapanda basi. Nililisema kwa adabu zote. Kaka akanigeuzia mgongo. Aliketi, akaanza kuongea na mzee wa mbuzi. Mama akaniita jikoni.

"Mwanangu, unamvua nguo kaka yako mbele ya wakwe zake?"

"Mama, likitembea na mafuta yale litakufa."

"Si lilitembea jana? Mbona halikufa?"

"Linakufa taratibu."

"Ukiliacha hapa uani, kesho majirani wataniuliza kwa nini. Niwajibu nini? Kwamba kaka yako ameliharibu?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Alinitazama, mwiko mkononi. "Hata kama ndivyo," akasema.

Jumatatu asubuhi niliwasha gari. Nimejiuliza sana kwa nini, na kumwogopa mama siyo jibu lote. Sehemu yangu moja ilitumaini kwamba mimi ndiye niliyekosea. Mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumuuliza kama amejifunza sawasawa. Wenzangu wana cheti, wana mwalimu, wana gereji walikokulia. Mimi nina watu wa kwenye video, wengine siwaelewi hata lugha, natazama mikono yao tu. Kaka ana Fuso na miaka yake barabarani. Nikajiambia, pengine kweli. Tena maboksi ya mitihani yalikuwa nyuma. Kaka alisimama getini akanipungia mkono, na nikapiga honi, kwa sababu ndivyo mtu anavyomuaga aliyemfanyia wema.

Mwanzoni lilitembea vizuri tu. Nilikaribia kufurahi. Baadaye likaanza kunung'unika, sauti nyembamba kama mbu, nikazima redio nisikilize. Nikikanyaga mafuta, injini inapandisha sauti lakini gari haliongezi mwendo. Kila mlima sauti inakuwa kubwa zaidi. Nilipunguza mwendo, nikaongea nalo. Niliomba msamaha, sijui kwa nani. Kabla ya kufika Makere, kwenye mlima, lililia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwenye video yoyote, harufu ya kuungua ikaingia ndani, na likasimama. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa. Magurudumu hayakujua habari zake.

Pembeni palikuwa na kina mama wanauza nyanya na mihogo. Kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kufika.

"Sista, bebi woka imekata moto?"

Mama mmoja Mkongo, wa wale wanaotoka kambi ya wakimbizi kuja kuuza, aliinama dirishani kwangu na beseni lake kichwani.

"Mutuka yako iko nalia tangu kule chini, dada. Iko maladi?"

"Iko maladi," nikasema, ni mgonjwa, na hapo ndipo nilipolia.

"Pole. Kunywa maji kwanza. Mutuka haikimbii."

Maboksi ya mitihani yalipandishwa kwenye pikipiki ya yule kijana, tukayafunga kwa kamba za mpira. Mvua haikunyesha siku ile. Karatasi zilifika kavu lakini zilichelewa, watoto walikuwa wameshakaa kwenye madawati tangu asubuhi. Mwalimu mkuu hakunikaripia. Alitazama pikipiki, akanitazama, akaniuliza gari liko wapi.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Kasulu. Fundi alifungua chini akamwaga. Mafuta hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa meusi, na ndani yake zilielea chenga za chuma zinazometameta. Fundi alizisugua katikati ya vidole.

"Nani aliweka haidroliki?"

"Kaka yangu."

"Ah," akasema. "Kaka." Akafuta vidole.

Giaboksi nyingine iliyotumika ilipatikana Dar es Salaam, kwa bei ambayo kwangu ilikuwa kama kununua gari upya. Lilikaa gereji, likajaa vumbi, kuku wakalala juu yake. Nilikwenda kulifuta mara mbili tatu, halafu nikaona aibu kuonekana nafuta gari lisilotembea. Mwishowe alikuja mtu kutoka Kigoma akalinunua kwa ajili ya spea, akaling'oa taa palepale mbele yangu. Shule ya Makere ilimpata mtu mwenye usafiri wake. Ya Nyakitonto ikafuata. Muuza vocha aliuliza kama bosi amechukua gari lake. Nikamwambia ndiyo.

Kaka nilimpigia siku ileile fundi alipomwaga mafuta. Nilimweleza chenga zote, rangi, mkanda.

"Pole sana mdogo wangu," alisema. "Lakini kwani mimi niliweka maji? Niliweka ya bei kubwa kuliko zote. Vile vigari ni vilaini, havikutengenezwa kwa milima yetu."

Hakuwa anajitetea. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Angekuwa anajitetea ningejua kwamba moyoni anajua. Alikuwa anaamini, na alikuwa ananihurumia kwa dhati.

Krismasi nilikwenda Kibondo kwa basi. Mama alikuwa amesonga bada, ule ugali wa muhogo, kuna samaki wa migebuka, na walikuwepo baadhi ya wale waliokuwepo kwenye kipaimara. Habari ya gari ilikuwa imeshafika, ikiwa na sura yake: kwamba binti alinunua gari bovu, kaka akajitahidi kuliokoa, likashindikana. Shemeji aliuliza kama lilikosa uji. Hakuuliza kwa ubaya. Wakacheka, nami nikacheka kidogo.

"Lakini ulimshukuru kaka yako?" mama akauliza mbele ya wote. "Alitoa hela yake mfukoni siku ile, na uliondoka hata asante hukusema."

Wote waliniangalia. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri ndani ya basi, mpaka mpangilio wake. Kaka alikuwa anachambua mwiba wa samaki, ameinamisha kichwa, na mvi zimeanza kumtoka kisogoni. Nikaona kwamba hata nikiyasema yote kwa mpangilio ule, nitaulizwa nimeyasomea wapi.

"Asante, kaka."

"Usijali, mdogo wangu," alisema, akanyanyua uso, na uso wake ulikuwa na furaha. "Ukinunua lingine, njoo kwangu kwanza nikuchagulie. Nitalihudumia mwenyewe."

Watu wakasema hapo sawa, huyo ndiye kaka. Bakuli la mboga lilikuwa upande wangu. Nikamwongezea.